Masizi kwenye Bango la Mheshimiwa

Jumanne, tarehe 8 Julai

Gari jeupe limeingia uani saa nne asubuhi. Nikajua kuna msiba. Gari safi haliji kwangu kwa heri.

Kumbe ni Gachanja, mwenye ile akademia ya hapa Gede. Amekataa kiti. Amekaa juu ya rundo la makuti yangu, akaniamkia shikamoo kwa ile sauti yake ya bara, akanywa chai yote, ndipo akasema. Shule yake imetimiza miaka ishirini na mitano. Jumamosi ya tarehe 19 wanawaheshimu wanafunzi wa zamani waliofika mbali. Watu sita. Watapewa ngao na kupigiwa makofi mbele ya wazazi. Na wa kwanza kwenye orodha ni Kabibi, mjukuu wangu, hakimu wa mahakama kule Homa Bay.

Nimesema asante. Nimesema Mungu akuzidishie.

Naandika kwa sababu hakuna wa kumwambia. Mwalimu Pamela, anayetufundisha ngumbaru wazee kwenye baraza ya kanisa, anataka mistari mitatu kila siku, siku na tarehe juu. Hii hataiona. Yeye nitamwandikia ya mvua.

Kabibi ni mzito. Miezi sita. Wanaojua ni watatu tu, mumewe Laban, daktari wake, na mimi. Wawili wameshatoka kabla ya huyu. Wa kwanza alitoka wiki moja baada ya picha ya mama yake kutoka gazetini, siku ya kuapishwa. Wa pili alitoka baada ya Jedida, jirani yangu, kusimama kanisani na kumwombea Kabibi kwa jina, kwa sauti, mbele ya watu mia mbili. Simlaumu mtu. Nahesabu tu.

Jicho la watu silifanyii mchezo. Na sasa wanataka kumpandisha jukwaani, juani, na tumbo lile, watu wamwangalie mpaka washibe!

Nimempigia simu asikubali. Anasema ameshakubali. Anasema, Hawe, yaani bibi kwa lugha yetu, nakuja, usinianze. Nimesema sawa.

Si sawa. Lazima jina litoke kwenye ile orodha.


Jumatano, tarehe 9 Julai

Mwambire, kijana wa bodaboda wa hapa kwetu, amenipeleka shuleni kwa pikipiki yake. Nimevaa leso mpya ili uongo wangu uwe na heshima.

Nimemwambia Gachanja kwamba Kabibi hakuwa na akili. Kwamba alikuwa analala darasani. Kwamba aliiba chaki akazila. Kwamba alikataa kuja shule siku nne kwa kuogopa kinyonga mmoja. (Hilo la kinyonga ni kweli.) Kwamba mtu wa namna hiyo ukimweka mbele ya watoto utawafundisha nini?

Gachanja amenitazama. Akamwita Charity, karani wake, aje na kalamu. Akaniomba nianze tena, polepole. Anasema wazazi wamechoka kusikia habari za watoto waliozaliwa na akili. Wanataka mtoto aliyekula chaki akawa hakimu. Charity ameandika ukurasa mzima, na palipompungukia akaniuliza.

Kwa hiyo Kabibi si mmoja wa sita tena. Ndiye atakayetoa hotuba kuu.

Nimerudi kwa miguu. Mwambire nilimsahau getini. Amekuja kunitafuta magharibi, amekasirika, nikampa mhogo.


Ijumaa, tarehe 11 Julai

Wametundika bango kwenye njia panda, pale barabara ya Watamu inapoachana na ya Malindi. Nyuso sita. Kabibi katikati, joho jeusi, meno yote nje. Chini ya uso, herufi.

Nimezisoma. Ka. Bi. Bi.

Jina langu! Ni la kwangu, yeye alipewa kama binti yeyote wa kwetu anavyopewa jina la bibi yake. Sijawahi kuliona jina hili popote ila kwenye kitambulisho, na wakati ule lilikuwa michoro tu. Leo liko juu ya barabara, herufi moja urefu wa mkono wangu. Nimewaonyesha watu watatu nisiowajua. Mmoja alikuwa askari.

Ndipo nikakumbuka kuogopa.

Wanaotoka Malindi wanamwona. Wanaokwenda Watamu wanamwona. Wa mabasi. Wenye malori ya chumvi ya Gongoni, macho yamewaiva mekundu. Nimeanza kuyahesabu macho yanayopita, nikafika mia na kumi na nne, nikaona giza. Muuza ndizi akanikalisha, akanipa maji.

Jedida naye alikuwepo. Mwanawe Eugene, meneja wa hoteli kule Bofa, yumo bangoni, lakini mwisho kabisa, na sikio moja limekunjwa na kamba. Jedida kanuna. Anasema laiti kamati ingekuwa na macho, Eugene angekaa katikati.

Hapo akili ikanijia. Nikamwambia kweli kabisa, mwenzangu. Kijana mzuri vile, kwa nini asikae katikati? Nenda ukadai haki yake. Kabibi wangu atakaa hata nyuma ya mlingoti, hatutanuna.

Jedida amenitazama miguu mpaka kichwa. Miaka thelathini ya ujirani, sijawahi kumsifu mwanawe. Akaniuliza kama nina homa. Lakini amekwenda.


Jumapili, tarehe 13 Julai

Jedida ameshinda. Gachanja hakumbadilisha mtu nafasi, ila ametundika bango la pili ng'ambo ya barabara. Eugene peke yake. Suti. Uso mkubwa kama mlango.

Sasa macho yatakwenda kwake, Kabibi atapumzika. Ndicho nilichotaka. Nimemshukuru Mungu hapo hapo barabarani.

Lakini wali nimeuacha sahanini.

Kwani Eugene amefanya nini? Anawapa wageni taulo! Mjukuu wangu anawafunga wezi. Na huyo Eugene karo yake ililipwa na shirika la kanisa. Ya Kabibi niliilipa kwa vidole hivi, nikishona makuti. Darasa la kwanza la Gachanja lilikuwa banda, paa la juu makuti yangu, kuti kwa kuti, miaka saba. Mvua ikinyesha nilikuwa nakwenda kuangalia kama imewavujia.

Sijui nilifikaje kwa Gachanja. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilijisikia tu nikisema kwamba ni aibu, hakimu wa serikali kubanwa na watu watano kama dagaa kwenye kikapu, na mtu wa taulo amepewa bango zima.

Gachanja ameniomba radhi. Amesema nina haki.

Niko njiani narudi ndipo nikaelewa nilichofanya. Nimekaa chini pale pale kwenye majani.


Jumatatu, tarehe 14 Julai

Limetundikwa bango la tatu. Kubwa kuliko la Eugene. Kabibi peke yake, kichwa mpaka kiuno. MHESHIMIWA limetangulia jina. Usiku wataliwekea taa.

Nimempigia simu nikamwuliza hali. Amesema mgongo unamuuma kidogo. Mgongo! Nimeuliza tangu lini. Tangu jana jioni. Jana jioni ndipo nilipokuwa kwa Gachanja.

Sitalala.


Jumanne, tarehe 15 Julai

Mtoto mchanga kwetu anapakwa masizi kwenye paji la uso. Kidoti tu. Jicho likija linagonga pale, halifiki kwa mtoto. Mimi nilipakwa, wanangu walipakwa, Kabibi nilimpaka mwenyewe mpaka akaota meno. Hakuna anayesema ni uchawi. Kwani bango lina tofauti gani?

Nimekwangua masizi ya sufuria, nikayachanganya na mafuta ya nazi, nikafunga kitambaa kwenye ncha ya ule mti wangu mrefu wa kuangulia mapapai. Alfajiri nikatoka. Njia panda hakuna mtu ila mbuzi.

Kusi lilikuwa linavuma. Hilo sikulifikiria. Nikiinua mti, bango linajaa upepo linakimbia. Linarudi, linanipiga. Nimelenga paji nikapata shavu. Nimelenga tena nikapata chini ya pua. Nimetaka kufuta, ikawa ndevu. Mti ni mzito, mikono inatetemeka, kila mtetemeko unaongeza nywele. Mwisho nikapata paji. Kidoti kizuri. Lakini chini yake mheshimiwa alikuwa na masharubu na kidevu kama cha beberu.

Nikaona si vizuri awe peke yake. Mtoto wa mwenzangu naye ana mama. Nikavuka nikampaka Eugene. Yeye alitulia, nikapata paji mara ya kwanza.

Taa ya gari ikaja. Nikakimbia. Umri huu!


Jumatano, tarehe 16 Julai

Ndani ya nyumba. Sijatoka.

Mwambire ameleta unga, akasimulia bila kuulizwa. Njia panda imejaa watu. Gachanja anapiga simu kwa chifu. Vijana wa stendi wanasema si utundu wa watoto, ni mkono wa mchawi, kwa sababu masizi yamechanganywa na mafuta na yamewekwa kwenye paji kwa makusudi. Na tena kuna kitambaa kinachonuka kimefungwa kwenye kamba ya bango la Eugene. Wanatafuta mzee. Siku zote wanatafuta mzee.

Kitambaa? Changu kilibaki kwenye mti, mimi sikufunga chochote kwenye kamba.

Huku kwetu neno hilo halichezewi. Mwaka juzi, kwenye vijiji vya ndani, mzee alitolewa nyumbani mwake kwa jambo dogo kuliko hili, na mvi zake ndizo zilizokuwa ushahidi. Nimenawa kwa ndimu. Nimenawa kwa mchanga. Chini ya kucha bado ni nyeusi. Nimejifunga leso kichwani mpaka nyusi, mvi moja isionekane. Mti wa mapapai nimeukata vipande vinne nikapikia.

Jioni Mwambire amerudi. Wamempata wa kumsema. Kavumbi, bawabu wa shule. Mzee, kichwa cheupe, macho mekundu kwa moshi, anakaa peke yake, na ndiye anayeamka kabla ya watu.

Kavumbi! Yule aliyekuwa akimfungia Kabibi viatu.


Alhamisi, tarehe 17 Julai

Jedida amebisha hodi kabla ya chai. Akaingia, akafunga mlango, akaweka komeo. Nikajua ameniona. Nikajua mwisho wangu ni leo, na uji uko motoni.

Amekaa kitini. Akasema kile kitambaa ni chake. Ni mvuje, ile dawa ya kunuka ya kufukuza jicho. Yeye, mweka hazina wa akina mama wa kanisa, ametoka na fundo la mvuje, akalifunga kwenye bango la mwanawe, kwa sababu tangu uso wa Eugene utundikwe peke yake hajapata usingizi. Amelia. Anasema mchungaji akijua ni aibu, vijana wakijua ni kifo.

Nimemwonyesha kucha zangu.

Tumetazamana. Kisha nikamwuliza kwa nini alitumia mvuje mwingi vile, unanuka mpaka stendi. Akaniuliza mimi nani alinifundisha kuchora ndevu. Tukanywa uji.

Kavumbi hakwenda kazini leo. Amejifungia, na vijana wanapitapita nje ya nyumba yake. Jedida akasema tungoje, maneno yatapoa. Nikasema yakipoa Kavumbi atakuwa amepoa kabla yake. Akachukua mkoba, tukaenda.

Sijawahi kuogopa namna ile. Njia nzima nilishika mkono wa Jedida, naye wangu, kama watoto wanaovuka barabara. Stendi walikuwepo kama ishirini. Sauti ilitoka nyembamba.

“Ni mimi. Kwa mkono huu. Nimempaka mjukuu wangu masizi kwa sababu wote mnamwangalia. Nani hapa hakupakwa na bibi yake? Aseme nimjue.”

Jedida akasema mvuje ni wake, lakini kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Kijana mmoja akatema mate chini. Nikajua yameanza. Mwambire alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake. Akajishika paji la uso. Akasema yeye alipakwa mpaka miaka minne, na mtazameni alivyotoka. Mmoja akacheka. Wakacheka wote. Yule aliyetema akasema, “Lakini Hawe, ndevu za nini?” Nikamweleza habari ya upepo.

Nimempelekea Kavumbi mahamri. Amekula sita. Hakunisemesha. Ana haki.

Gachanja ametuita afisini. Amesikiliza yote, kidoti, mvuje, upepo. Hakuelewa hata moja. Amesema mabango yatasafishwa na tafadhali, akina mama, tupumzike mpaka Jumamosi.


Ijumaa, tarehe 18 Julai

Wamefika. Kabibi ameshuka garini kwa upande, kama mtu anayetoa kabati mlangoni. Lile tumbo! Nimemfunika leso mbili kabla hajanisalimia. Laban amenipa shikamoo, nikamwitikia, nikamwambia asimame kule, aweke kivuli upande wa barabara.

Baada ya chakula amenikalisha kwenye kigoda. Yeye kiti. Akaweka mikono juu ya tumbo, akaniangalia. Sasa ninaelewa kwa nini watu wanakiri. Ameniuliza ni nani alimchora mheshimiwa masharubu. Nimesema upepo. Ameuliza tena, taratibu. Nimesema yote. Chaki pia. Bango kubwa pia.

Amecheka mpaka akashika ubavu. Nimemwambia asicheke, kicheko kinatikisa. Akacheka zaidi.

Kisha akapangusa macho. Akanishika mikono, hizi kucha.

“Hawe, wale wawili hawakuchukuliwa na jicho. Mlango wa kizazi ulikuwa unalegea. Tumbo likizidi uzito, unashindwa kufunga. Daktari ameona. Safari hii wamenishona.”

“Wamekushona?”

“Wameufunga mlango kwa uzi. Mpaka siku ya kuzaa.”

Mimi nimeshona makuti miaka arobaini. Najua kinachoanguka kwa kuwa hakikushonwa.

“Uzi gani?” nikamwuliza.

“Ndiyo maana sikukwambia mapema. Nilijua utauliza uzi gani.”

Lakini hakunijibu. Nimemwuliza Laban pembeni. Naye hajui! Baba mzima.

Usiku amelala kwenye kitanda changu, mimi chini mlangoni. Amenambia gizani kwamba amechoka. Amechoka kumficha mtoto kama mali ya wizi. Nimemwambia alale.


Jumamosi, tarehe 19 Julai

Hema kubwa kwenye uwanja wa akademia. Wazazi mia sita, Charity alisema. Macho elfu moja na mia mbili, na mzee mmoja ana jicho moja, nimempunguza.

Nilikuwa na mpango. Kabibi atoe hotuba akiwa amekaa, nyuma ya meza yenye kitambaa mpaka chini. Mimi nikae mbele ya meza na leso nimeitandaza. Nilimweleza Gachanja kwamba ni desturi yetu. Akakubali. Siku hizi ananikubalia kila kitu haraka.

Eugene amepewa ngao yake. Jedida akapiga vigelegele peke yake mpaka akakohoa. Wakafika kwa Kabibi. Gachanja akasoma ile karatasi ya Charity, kulala darasani, kinyonga, chaki, watu wanacheka, mimi natazama chini. Kisha akamwita.

Akasimama.

Tulikubaliana akae! Akasimama, akazunguka meza, akaja mbele kabisa, akashika maikrofoni mkono mmoja na tumbo mkono wa pili. Nimeinua leso, haikufika.

Akashukuru shule. Akawashukuru walimu. Akasema karo yake ililala juu ya vichwa vyao miaka saba ikizuia mvua. Kisha akasema, “Wa kwanza nilimficha, akaenda. Wa pili nilimficha, akaenda. Huyu nimekuja naye, mumwone.”

Nilisikia kamba za hema. Watu mia sita wanaangalia tumbo moja. Yale macho yote, wazi, na mtoto wangu mbele yao bila hata kidoti.

Kwetu mtoto unayemtaka abaki husemi ni mzuri. Unamwita mbaya, unamwita takataka, ili kinachopita kichukue watoto wazuri kwingine. Sikupanga. Nilisimama tu nikapiga kelele.

“Kabaya hako! Kana kichwa kama dafu!”

Kila mtu akanigeukia. Gachanja akawa kama amekanyaga moto. Nikajua nimeharibu.

Kisha sauti ya Jedida, nyuma kule. “Kana miguu ya mende!”

Mama mmoja wa Gongoni nisiyemjua akasema kana pumzi ya kobe. Mwingine kakubwa kitumbo, kadogo akili. Kisha ikawa hema zima, akina mama, mabibi, kila mmoja na lake. Takataka! Kachura! Nani atakataka hako! Muuza ndizi alisimama juu ya kiti. Gachanja amechukua maikrofoni anaomba wazazi waheshimiwa, tafadhali, lugha, kuna watoto hapa. Hakuna aliyemsikia. Kabibi anacheka machozi yanamtoka, anapunga mkono, waongeze.

Laban, mtu wa ziwa, alikuwa amekaa mdomo wazi. Nimemnong'oneza maana yake. Akafikiri. Akasimama, mrefu vile, akafunga kifungo cha koti.

“Kana masikio yangu!” akasema.

Watu wakayatazama hayo masikio. Kisha nilivyosikia pale, vigelegele vile, sijavisikia hata kwenye harusi.

Jedida amenifuata baadaye. Anasema mende ni bora kuliko dafu. Nimemwambia dafu lina uzito zaidi. Hatujapatana.


Jumatatu, tarehe 21 Julai

Wameondoka. Kabla ya kuingia garini Kabibi ameniinua mkono wa kulia, akaniapisha. Kwamba sitapanga tena. Kwamba sitampaka mtu wala kitu. Kwamba nitakaa nyumbani kwangu nitulie mpaka mtoto azaliwe, ndipo nitatumiwa nauli. Nimeapa maneno yote kwa jina la Mungu. Laban alikuwa shahidi.

Nimelala saa tisa mfululizo. Mgongo wake hauumi. Mlango umeshonwa, hema zima limemtukana mtoto. Nimeuogopa ujinga wiki mbili nzima. Nimemwandikia Mwalimu Pamela mistari mitatu ya mvua, safari hii kweli imenyesha.


Alhamisi, tarehe 24 Julai

Amepiga simu saa mbili jioni. Mtoto ameruka kama panzi siku nzima. Nimefurahi. Nimemwuliza alikuwa wapi siku nzima. Mahakamani.

Nikamwuliza, bila nia mbaya, mshtakiwa anasimama wapi. Akasema mbele yake. Nikamwuliza anaangalia wapi. Akasema ataangalia wapi tena, Hawe, si ataniangalia mimi.

Wezi! Wachomaji wa nyumba! Mmoja baada ya mwingine, asubuhi mpaka jioni, wanamtumbulia macho, na hakuna hata bibi mmoja mle ndani wa kumwita mtoto mbaya!

Nimesema basi nije nikae pembeni, kimya, na leso yangu. Amesema hapana. Amenikumbusha kiapo. Nimesema sawa.

Si sawa. Nimekwenda kwa Jedida. Ana binamu aliyewahi kushtakiwa kwa sababu ya mpaka wa shamba, mambo ya korti anayajua. Anasema mahakamani hakuingii mtu hivi hivi kama kanisani. Anaingia mshtakiwa na anaingia shahidi, basi. Nimemwuliza kesi zinachukua muda gani. Anasema ya binamu yake ilichukua miaka miwili. Mimi nahitaji miezi mitatu tu.

Sitapaka mtu wala kitu. Kiapo ni kiapo. Lakini kuku hakutajwa.

Basi la Kisumu linatoka Mombasa Jumapili jioni. Ukishuka unachukua gari la Homa Bay, na mwenye duka la simu ana jamaa kule, anasema nyuma ya mahakama kuna nyumba zinazofuga kuku. Nitaiba mmoja, mchana kweupe, nikae naye nje mpaka nishikwe, nipelekwe mbele ya Kabibi mimi mshtakiwa. Jedida amefunga mkoba wake tayari. Yeye atakuwa shahidi. Tumebishana tu kuhusu kuku. Yeye anataka jogoo, mimi nasema mtetea, ndiye asiyepiga kelele.